MALI BILA DAFTARI

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nami, walimu wangu na wanafunzi wenzangu, nasema msitu wa Mlima Elgon ni mali, na daftari lake lipo. Taabu ni kwamba sisi tunaoishi chini ya mlima hatulisomi.

Hebu panda matatu yoyote ya kutoka Kitale kwenda Bungoma, uutaje msitu. Huyu atasema mpaka ulikuwa kule mtoni. Yule atamkata kauli: "Wacha bwana, babu alichunga ng'ombe mbele ya hapo!" Mwishowe mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Je, hiyo ni haki jamani?

Historia imeandikwa. Msitu huu ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Mwaka uo huo Tume ya Carter ilianza kusikiliza madai ya ardhi nchini, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1934. Mwaka 1968 sehemu ya upande wa Trans Nzoia ikafanywa mbuga ya taifa. Mwaka 1971 ukaanza mpango wa makazi wa Chebyuk, ili watu wa Chepkitale wapewe mashamba huku chini. Ugawaji wa mashamba hayo ulizua ugomvi wa miaka mingi, na kati ya 2006 na 2008 damu ikamwagika. Kisha tarehe 26 Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ikaamua kuwa ardhi ya Chepkitale ni ya jamii ya Ogiek.

Basi mtu asituambie ati karatasi kuukuu ni chakula cha mchwa. Karatasi moja yaweza kumpa mtu shamba, au kumnyang'anya.

Majalada ya zamani ya serikali huhifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, na kwa kawaida hufunguliwa kwa umma yakitimiza miaka 30. Lakini anayetafuta sharti ajue majina ya kale. Ukitafuta wilaya ya Bungoma katika majalada ya 1932 hutaiona, kwa maana ilikuwa ndani ya Kavirondo ya Kaskazini. Waogiek nao waliandikwa "Dorobo". Upande wa Kitale uko chini ya Trans Nzoia, wilaya ya mkoa mwingine kabisa. Mlima mmoja, mafungu mawili!

Wapo watakaosema, "Hayo yaliandikwa na wakoloni, ni ya nini?" Kweli, bwana misitu aliandika yaliyomhusu yeye: miti, mipaka na vibali. Mzinga wa mzee ulitundikwa wapi, hilo halikuwa shauri lake. Lakini hiyo si sababu ya kuyatupa. Ni sababu ya kuyasoma huku tukiwauliza wazee wetu, kabla hawajatuacha.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, nakala za ramani na matangazo ya msitu ziwekwe karibu nasi, katika Makumbusho ya Kitale na katika maktaba za shule za Bungoma. Pili, kila mwanachama likizoni aandike maneno ya mzee mmoja anayeujua msitu, pamoja na mahali na tarehe, yahifadhiwe hapa shuleni.

Msitu ukibishaniwa tena, na tuwe na cha kufungua mezani badala ya kupaza sauti.