Mapafu yako si chujio la moshi wa lori

Kijana mwenzetu, kama kila asubuhi watoka Mikindani ama Jomvu kuja mjini, wajua hali ya Changamwe. Lori za kontena zimepangana, matatu zatafuta pa kupenya, na wewe na baiskeli yako uko katikati, uso umeelekea bomba la moshi. Ukifika kazini wapangusa pua, kitambaa chatoka cheusi. Tumezoea. Twasema ni vumbi tu.

Si vumbi tu. Ule weusi wa puani ndio ulionaswa. Wa kuogopa ni ule uliopita. Chembe laini za moshi wa dizeli zina upana usiofika mikromita 2.5, yaani unywele mmoja wa kichwa waweza kuzishinda karibu mara thelathini. Zapita pua na koo, zaingia hadi kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, na zile ndogo zaidi zaingia kwenye damu. Ndiyo maana hazileti kikohozi na pumu peke yake, hata moyo huumia. Na tangu 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeorodhesha moshi wa dizeli kama kisababishi cha saratani.

Sasa hesabu ni nani anayevuta mwingi. Mtu wa baiskeli na wa mkokoteni hupumua kwa nguvu mara kadhaa zaidi ya aliyeketi, tena kwa mdomo, ambako hakuna vinyweleo vya kuchuja. Abiria wa matatu naye hajapona: moshi wa gari la mbele waingia dirishani, na foleni yamweka humo saa nzima. Baiskeli haitoi moshi hata chembe, lakini mwenyewe ndiye anayeumeza. Hii ni dhulma, tuiite kwa jina lake.

Usiuze baiskeli yako. Mazoezi bado yana faida kubwa. Pita njia za ndani unapoweza, usisimame nyuma ya lori, na usidanganyike kuwa leso usoni yazuia chembe hizo. Lakini hayo ni ya kujikinga tu. Moshi wenyewe nani ataupunguza?

Soma Katiba. Kifungu cha 42 chakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 chakuruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa, bila kuthibitisha kwamba umeshaumia. Jadweli la Nne lasema kudhibiti uchafuzi wa hewa ni kazi ya kaunti. Na kanuni za ubora wa hewa, zinazosimamiwa na NEMA, zagusa pia moshi wa magari.

Majirani zetu wa Owino Uhuru waliumizwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikazunguka hadi Mahakama ya Juu ilipokubaliana na hukumu hiyo Desemba 2024. Walishinda, naam, lakini sumu ilikuwa tayari imo mwilini mwa watoto. Sisi tusingoje kufika huko.

Kwa hivyo wiki hii fanya hivi. Wewe na wenzako watano wa steji moja, andikeni barua kwa kaunti na kwa NEMA chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ulizeni: hewa ya barabara yetu imepimwa lini, matokeo ni yapi, na magari mangapi yamechukuliwa hatua kwa moshi? Kuwasilisha ombi ni bure, na wana siku 21 kujibu. Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Wakijibu, tutakuwa na takwimu mkononi. Wakinyamaza, tutakuwa na ushahidi. Steji yako iko tayari?