Upele na Kikohozi Si Vitu Viwili

Kama ulitazama Dangal, unamkumbuka Babita mdogo, yule wanaamshwa na dadake alfajiri kukimbia kwa sababu baba anataka wawe wanamieleka. Aliyemwigiza ni Suhani Bhatnagar. Alifariki Delhi, Februari 2024, akiwa na miaka 19 tu.

Nilidhani ni ajali. Kumbe ni dermatomayositisi: kinga ya mwili inageuka na kushambulia ngozi na misuli yako mwenyewe. Wazazi wake walisema ilianza na mkono kuvimba, kama miezi miwili kabla. Ugonjwa ulijulikana siku chache tu kabla hajafa, na wakati huo mapafu yalikuwa yamejaa maji.

Misuli na mapafu, wapi na wapi? Lakini hebu fikiria, unapumua kwa nini kama si misuli? Ikilegea, hewa inakuwa kazi. Ya koo ikilegea, chai inashuka njia ya mapafu, unapata nimonia. Mbaya zaidi, kinga inaweza kuvamia mapafu yenyewe hadi yapate makovu. Kuna aina ambayo misuli inabaki sawa kabisa, na mapafu yanaharibika ndani ya wiki chache. Halafu dawa zenyewe, steroidi, zinashusha kinga, maambukizi yanapata mlango.

Sasa maoni yangu, na atakayekasirika akasirike: sisi tunaugawa mwili vipande vipande. Upele kwa kope, unauziwa krimu. Ngazi zikikushinda, wewe ni mvivu, punguza simu. Kikohozi kikavu, shika dawa ya maji. Nani anaviweka pamoja? Na picha nyingi za huo upele ni za ngozi nyeupe, eti wekundu. Kwa ngozi yetu mara nyingi ni zambarau au weusi tu, kwa kope na juu ya viungo vya vidole.

Ni ugonjwa nadra, sitishi mtu. Lakini ukienda hospitali sema yote kwa pamoja, kisha uliza, "Na kifua changu?" Eksirei inaweza kukosa dalili za mwanzo. Skani ya CT huona zaidi, ingawa bei yake, wacha tu.

Dadangu amekuwa akikohoa tangu mwezi jana, na siku hizi anapumzika ghorofa ya pili kabla ya kufika kwetu ya nne. Kope zake nilidhani ni vipodozi. Alhamisi tunaenda kliniki. Anasema nimetazama sinema mingi sana.