Lugha ya Nyumbani Isingoje Swali la Karani

Kuna mtihani mmoja usiofundishwa katika shule yoyote, wala hauna kitabu, nao vijana wengi wa Kiamaiko wameujua tangu hawajatimiza miaka 18. Ni mtihani wa asili. Kijana huulizwa: Babu yako aliitwa nani? Na baba wa babu yako je? Ukoo wenu ni upi? Wazee wako walikuwa wakinywesha mifugo kisima gani? Haya, sema maneno mawili matatu kwa lugha ya kwenu tusikie. Akikwama, huambiwa aende akamlete mzee wa kumtambua, na kitambulisho kikabaki ndoto.

Kwa asiyepafahamu, Kiamaiko ni mtaa wa Nairobi ulio jirani na Huruma, katika eneo la ubunge la Mathare. Huko ndiko mbuzi wa kutoka Marsabit, Moyale na Isiolo wanakoteremshwa malorini, wakachinjwa, na nyama yao ikasambazwa katika mabucha na mahoteli ya jiji. Biashara hiyo ndiyo iliyowaleta Waborana wengi mtaani humo, wakaishi pamoja na Waburji, Wasomali, Wakikuyu, Wakamba na Waluo. Mtoto aliyezaliwa pale hucheza kwa Kiswahili, hutaniana kwa Sheng, na husoma kwa Kiingereza. Kiborana hukisikia kwa bibi yake, ikiwa bibi yupo.

Sasa tazama ajabu ya jambo hili. Kijana ambaye wazee wake walitoka Nyeri au Machakos hutoa cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, akachukuliwa alama za vidole, akaenda zake. Jirani yake, waliyekua naye kwenye kichochoro kimoja, kwa miaka mingi amekuwa akipigwa msasa na kamati kwa kuwa jina lake linasikika la kaskazini. Mmoja huulizwa karatasi, mwingine huulizwa nasaba.

Historia ya msasa huu ni ndefu. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walitakiwa kufika mbele ya makamati kuthibitisha uraia wao, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya rangi ya waridi. Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa Mwingereza na makao yao yakawa Kibera, walipeleka malalamiko ya watoto wao hadi kwenye Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto. Mwezi wa Machi 2011 kamati hiyo iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto hao. Na mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitia sahihi tangazo huko Wajir la kuondoa msasa kwa watu wa kaunti za mpakani. Tangazo hilo nalipongeza. Lakini wino wa Wajir na dirisha la ofisi ya Nairobi ni vitu viwili, na mwananchi hupimiwa haki yake pale dirishani.

Wako watakaosema kwamba duniani kote watu huhojiwa juu ya asili yao. Kweli. Nchi ya Polandi ina sheria ya mwaka 2007 inayotoa kadi maalumu kwa watu wa asili ya Kipolandi walio raia wa nchi nyingine. Mwombaji hufika mbele ya konseli, akaonyesha kwamba anajua walau Kipolandi cha msingi, na kwamba anazifahamu na kuzitunza mila za huko. Tena huthibitisha kwamba mzazi wake mmoja, au babu au bibi yake mmoja, au wawili katika wazazi wa babu na bibi zake, walikuwa Wapolandi. Watu hujiandaa kwa mahojiano hayo kwa miezi: wanajifunza sikukuu, vyakula na majina ya wafalme.

Lakini tupime kwa mizani ya haki. Yule anayeshindwa mbele ya konseli hurudi nyumbani na uraia wake mfukoni. Amekosa nyongeza tu. Kijana wa Kiamaiko anayeshindwa hukosa mzizi wenyewe. Bila kitambulisho hawezi kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu, kuajiriwa kwa halali wala kupiga kura. Konseli humfungulia mgeni mlango wa pili. Karani wetu humfungia mwenye nyumba mlango wa pekee.

Isitoshe, lugha haiwezi kuwa shahidi wa uraia katika nchi zetu. Mpaka wa Kenya na Ethiopia ulikubaliwa na Waingereza na Mfalme Menelik mwaka 1907, ukapita katikati ya Waborana. Moyale iko upande huu na upande ule, na salamu ya amani ni ile ile: Nagaa. Hivyo mgeni aliyevuka mpaka jana atajibu kwa ufasaha, na mzaliwa wa Kiamaiko aliyelelewa kwa Kiswahili atababaika. Kipimo kinachompitisha mgeni na kumwangusha mwananchi ni kipimo gani?

Hayo ni ya serikali. Sasa nageuka kwetu wazazi, na ninajua maneno yangu hayatampendeza kila mtu. Kwa nini mtoto asikie jina la babu wa babu yake kwa mara ya kwanza wiki mbili kabla ya kuhojiwa? Tunamkalisha kitako, tunamkaririsha nasaba kama jedwali la kuzidisha, tukimhimiza asikosee. Akishapata kitambulisho, nasaba ile husahaulika. Lugha iliyojifunzwa kwa hofu hutupwa pamoja na hofu.

Hapa hao Wapolandi wana somo la kutupa. Kuanzia mwaka 1795 hadi 1918 hawakuwa na dola yao; nchi yao iligawanywa na Urusi, Prussia na Austria. Lugha ilidumu majumbani na makanisani. Na mwaka 1942 maelfu ya Wapolandi, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Warusi, walifika Afrika Mashariki kupitia Uajemi. Takriban 5,000 waliishi kambini Tengeru karibu na Arusha, na wengine Masindi na Koja nchini Uganda. Walijenga shule, wakawafundisha watoto Kipolandi chini ya Mlima Meru, ingawa wengi hawakujua kama wangerudi kwao. Hapakuwa na konseli aliyewangoja na maswali. Walifundisha kwa sababu watoto walikuwa wao.

Basi nasema hivi. Ofisi za serikali ziulize karatasi, na ziulize karatasi zile zile kwa kila Mkenya. Matamshi na ukoo si kazi yao. Nasi, mtoto anapozaliwa, tuchukue cheti chake mapema wala tusingoje miaka 18. Jioni, kahawa ya buna inapopikwa na wazee wako hai, tuwaombe wataje majina, visima na safari zao, na kijana aandike katika daftari. Tumtume mtoto dukani kwa Kiborana, tumkaripie kwa Kiborana, tumbembeleze kwa Kiborana. Mmeru, Mluo na Mkamba wafanye vivyo hivyo kwa lugha zao, maana nao wanapoteza, ila wao hakuna anayewauliza.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Asili hiyo tuwape watoto wetu kama urithi, na kitambulisho wapewe kama haki. Tusikubali kimoja kiwe bei ya kingine.