Wekundu Usioonekana kwa Jicho

Kijana mmoja katika wasomaji wetu ametuandikia akitaka shauri. Nyumbani kwao iko kamera moja ya dijitali, itumikayo katika arusi na sikukuu. Yeye ataka ifunguliwe na kutolewa kioo kilichomo ndani, ili apate kupiga picha za yale mawingu mekundu yaliyo baina ya nyota. Baba yake amemkataza kwa hoja mbili: kwanza, kamera itaharibika, pili, wekundu ule ni rangi iliyotiwa na watu, kwani yeye mwenyewe aliwahi kutazama kwa darubini asiuone. Tutaanza na hoja ya pili, kwa kuwa ni nzito zaidi. Ni tuhuma ya uwongo.

Yapasa ijulikane ya kwamba sehemu kubwa ya mawingu hayo ni gesi ya haidrojeni. Nyota changa zenye joto kali zinapoiangazia, gesi hiyo hutoa nuru yake yenyewe, na iliyo mashuhuri katika nuru hiyo ni nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. Mchana, jicho la mwanadamu laweza kuiona rangi hiyo. Lakini gizani jicho hutumia chembe nyingine za kuonea, nazo kwa wekundu ni kama vipofu. Ndiyo sababu mzee wetu alitazama asione. Alichokiona alikiona sawasawa. Ila si kila kisichoonekana na jicho hakipo. Ni kweli kwamba wako wapiga picha wanaozidisha rangi katika kompyuta mpaka mbingu ikafanana na kanga mpya, na hao hatuwatetei. Walakini asili ya wekundu ule ni ya kweli.

Mbona basi kamera ya kawaida haiupati vyema? Mbele ya bamba lake la kupokea nuru pamewekwa kioo cha kuchujia. Kazi yake ni kuzuia nuru iliyo ng'ambo ya wekundu, ambayo jicho haliioni ila bamba laiona, na isipozuiwa, rangi za nguo na nyuso huharibika. Lakini kioo hicho huanza kuzuia mapema, hata nuru ya haidrojeni hupita kidogo tu, aghalabu kiasi cha robo. Mafundi hukitoa na kutia kingine kinachoiachia ipite. Makampuni yenyewe yaliwahi kutengeneza kamera za namna hii: Canon ilitoa 20Da mwaka 2005, 60Da mwaka 2012 na EOS Ra mwaka 2019; Nikon ilitoa D810A mwaka 2015. Zote zimekwisha kuachwa kutengenezwa.

Ama hoja ya kwanza ya mzee, hapo tu pamoja naye. Kamera ikifunguliwa, dhamana yake huanguka. Vumbi huingia, nyaya zake nyembamba hukatika upesi, na kama ina taa ya kumulika, ndani yake huhifadhiwa umeme wa kutosha kumdhuru asiyejua. Unene wa kioo kipya ukihitilafiana na ule wa kwanza, kamera hushindwa kulenga sawasawa. Tena picha za mchana hugeuka nyekundu mpaka mtu aisawazishe rangi nyeupe kwa mkono, na asiyejua kufanya hivyo atampiga bibi arusi kama aliyesimama mbele ya tanuri. Kamera ya watu wote wa nyumba haifai kufunguliwa kwa haja ya mmoja wao.

Lakini kijana asivunjike moyo, kwani si mbingu yote iliyo ya haidrojeni. Kilimia kimezungukwa na vumbi linaloakisi nuru ya buluu, na kamera yao hiyo hiyo yalipata. Hali kadhalika Andromeda, ambayo Abd al-Rahman al-Sufi aliitaja kuwa wingu dogo katika kitabu chake cha mwaka 964; nuru yake ni ya nyota. Katikati ya Novemba, yapata saa tatu usiku, huwa juu upande wa kaskazini. Hata wingu kubwa la Orion lang'aa vya kutosha.

Aanze na stendi ya miguu mitatu na lenzi ya milimita 50, kila picha sekunde 6 hadi 10 na si zaidi, kwani dunia yazunguka na nyota zitavutika kama nyuzi. Apige nyingi, kisha azijumlishe kwa kompyuta. Chombo cha kuifuatisha kamera na nyota kinataka kuelekezwa kwenye ncha ya mbingu, na kwa mtu wa Dar es Salaam ncha ya kusini iko nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho, mara nyingi nyuma ya minazi na nyumba za jirani.

Akiisha kuyaweza hayo, na anunue kamera kuukuu iliyo yake peke yake, aipeleke kwa fundi. Hapo aielekeze karibu na Alnitak, nyota ya mshipi wa Orion ambayo jina lake ni la Kiarabu, kilipo Kichwa cha Farasi: vumbi jeusi mbele ya pazia la haidrojeni. Na picha ikitoka, amwonyeshe baba yake kwanza ile isiyotiwa mkono wa kompyuta.