Jibu la Miaka 65 kwa Swali la Miaka 50

Huko Marekani, karibu wagonjwa wawili kati ya kila watatu wa Alzheimer ni wanawake. Ukiuliza sababu unajibiwa upesi: wanawake huishi muda mrefu. Ni kweli, na umri ndio hatari kubwa kuliko zote. Lakini jibu hilo limegeuzwa kufuli la kuwafungia nje wanaotaka kujua zaidi.

Mwanamke anapokaribia kukoma hedhi, mara nyingi akiwa na miaka hamsini hivi, estrojeni huporomoka mwilini. Homoni hiyo haikai kwenye kizazi tu. Ubongo una vipokezi vyake, hata katika sehemu inayotunza kumbukumbu, nao huitumia katika kuchoma sukari ipate kuwa nguvu. Ugonjwa wenyewe huanza kujijenga kimyakimya miaka 15 hadi 20 kabla mtu hajasahau majina ya wanawe. Basi piga hesabu: anayeugua akiwa na miaka 70, ugonjwa ulianza lini? Mwaka 2007 watafiti wa Mayo Clinic walionyesha kwamba wanawake walioondolewa ovari kabla ya kukoma hedhi walikuwa katika hatari zaidi ya kupungukiwa akili uzeeni. Na kadiri walivyopasuliwa wakiwa wadogo, ndivyo hatari ilivyozidi.

Sasa tazameni kilichofanyika kuhusu kurudisha homoni hiyo kwa dawa. Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa wanawake 4,532, wote wenye miaka 65 au zaidi. Nusu walipewa estrojeni iliyotokana na mkojo wa farasi wenye mimba, ikichanganywa na projestini ya maabara. Kati yao, 40 walipata demenshia. Kati ya waliomeza vidonge vitupu, walioipata walikuwa 21. Sibishani na hesabu hiyo. Nabishana na walioichukua wakambebesha mwanamke wa miaka 50 anayeamka usiku shuka zimelowa jasho. Yeye hakuwemo! Wanawake wengi waliacha dawa za homoni kwa hofu, na madaktari wengi wakaogopa hata kuzizungumzia.

Wanaotangaza homoni kuwa kinga ya Alzheimer nao wanadanganya vilevile. Jaribio la KEEPS liliwapa homoni kwa miaka minne wanawake waliokoma hedhi karibuni. Walipopimwa tena takriban miaka kumi baadaye, akili zao hazikuwa zimedhurika wala kunufaika. Hiyo ni habari njema kwa anayetaka nafuu ya joto na jasho. Kuhusu Alzheimer haijamaliza neno, maana wengi wao hawajafika umri ambao ugonjwa huu hushika kasi.

Mgonjwa wa kwanza ambaye Alois Alzheimer alimweleza, Auguste Deter, alipokewa hospitalini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Sisemi homoni ndizo zilizomwangusha. Nasema ugonjwa huu tangu mwanzo ulikuwa na sura ya mwanamke, na bado kuanzia 1977 hadi 1993 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaweka kando wanawake wenye uwezo wa kuzaa katika majaribio ya awali ya dawa.

Kila jaribio la dawa ya Alzheimer liandike mshiriki wa kike alikoma hedhi akiwa na umri gani, kama ovari zake zilitolewa, na ni homoni zipi alizotumia, kwa muda gani. Hayo hayahitaji mashine wala mabilioni. Yanahitaji mtafiti amuulize mwanamke aliyekaa mbele yake, kisha matokeo ya wanawake yachapishwe peke yake, yasimezwe ndani ya wastani wa wote.