KALAMU NA NYUNDO: WATOTO WETU WASIGAWANYWE MAPEMA

Ndugu wafanya kazi,

Huku kwetu Pwani ya Kusini, tangu Diani mpaka Msambweni, maneno ya mishahara yakiisha, maneno ya watoto huanza. Mtoto apelekwe wapi? Wako wasemao kuwa skuli za vitabu zimetujazia vijana wa kukaa barazani na vyeti mkononi, basi heri wote wafundishwe useremala, umeme na upishi. Wako wasemao kuwa skuli ya ufundi ni hila ya kumrudisha mtoto wa maskini palepale alipokuwa baba yake. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya haki. Swali si kalamu au nyundo. Swali ni nani achaguaye, achague akiwa na umri gani, na mwenye nyundo atalipwa nini.

Jambo hili halingoji. Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na kila mmoja alitakiwa ashike njia moja katika tatu: sayansi na ufundi, elimu ya jamii, au sanaa na michezo. Mzazi wa Mwabungo au Kinondo, ambaye usiku yu lindoni na mchana yu shambani, aulizwa mwanawe ashike ipi. Yafaa basi tujue njia hizi zilikotoka kabla hatujatia sahihi.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika ya Mashariki kutazama elimu ya Mwafrika. Ilipendekeza afundishwe kilimo, kazi za mikono na usafi wa nyumbani, kwa mfano wa skuli ya Tuskegee iliyoanzishwa na Booker T. Washington huko Alabama mwaka 1881. Huko huko Marekani mtu mweusi mwingine, W. E. B. Du Bois, alikuwa amekwisha kuipinga fikira hiyo. Alisema watu wakinyimwa elimu ya juu watakosa viongozi, na ufundi peke yake hautawapa haki zao. Serikali ya mkoloni iliufuata ule mfano wa Tuskegee, na katika miaka hiyo ya 1920 ikafungua chuo cha ufundi cha Waafrika huko Kabete.

Wazee wetu walinung'unika, nao wakaitwa wavivu wanaokimbia kazi ya jua. Hasha! Watu waliojenga nyumba zao wenyewe, wakachonga mitumbwi, wakagema minazi, hawakuwa wakiogopa kazi ya mikono. Waliona jambo moja tu: Prince of Wales School ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa watoto wa Kizungu, haikuwa skuli ya matofali. Kama ufundi ni mzuri hivyo, mbona mwenye kuusifu hampeleki mwanawe? Swali hilo bado lina nguvu. Kila asimamaye jukwaani leo akatuhimiza tupeleke watoto chuo cha ufundi, aulizwe kwa adabu: wako yuko wapi?

Baada ya Uhuru tulijaribu mambo kadha wa kadha. Mwaka 1966 makanisa yalitoa taarifa juu ya vijana waliomaliza skuli ya msingi wakakosa nafasi ya sekondari, na kutoka hapo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Nia ilikuwa njema na gharama ndogo. Lakini mlango ule ulifunguliwa kwa yule aliyefungiwa mwingine, na kwa hiyo chuo kikapata jina la skuli ya walioshindwa. Tangu Katiba ya 2010 vyuo hivyo vimo mikononi mwa serikali za kaunti, navyo vimebadilishwa jina. Jina jipya halijaifuta aibu ya zamani.

Mwaka 1985 ukaja mpango wa 8-4-4. Kila mtoto afundishwe useremala, kilimo, ushoni na mapishi pamoja na vitabu. Wazazi wakachangishwa harambee wajenge karakana. Pahali pengi karakana ilisimama bila ya randa wala msumeno, na mwalimu hakuwa fundi. Mtaala ulipopunguzwa mwaka 2002, masomo mengi ya mikono yaliondolewa katika skuli za msingi. Funzo ni hili: ufundi haufundishwi kwa chaki. Wataka vyombo, wataka mbao za kuharibu, wataka fundi aliye tayari kumwacha mwanagenzi akosee.

Sasa tazameni Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilianza chuo cha ufundi cha Waislamu, kwa fedha za Sultani wa Unguja, Aga Khan, Mabohora na serikali, ili vijana wa pwani wapate ufundi wa mashine, umeme na ubaharia. Mwaka 1966 kikageuka Mombasa Technical Institute na kufunguliwa kwa wote, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu. Tanganyika nako, skuli za ufundi za Ifunda na Moshi za miaka ya 1950 ziligeuzwa kuwa sekondari. Mbona kila skuli ya nyundo hupanda ngazi ikaenda kwenye kalamu?

Mtaalamu mmoja, Philip Foster, alilijibu swali hilo mwaka 1965 baada ya kuchunguza mambo ya Ghana. Alisema wanafunzi hawakimbii ufundi kwa kuwa wamefundishwa vibaya. Wanajua hesabu. Wanaona karani analipwa nini na fundi analipwa nini, nao wanakwenda penye mshahara. Ukibadilisha masomo bila ya kubadilisha mishahara, umepoteza wakati wako.

Ndugu zangu, hapa ndipo pa chama. Waziri aweza kubadilisha mtaala, lakini pengo lililo kati ya karani na fundi hupimwa pia mezani, katika mapatano yetu na waajiri. Skuli ya ufundi itapendwa siku ile mtoto atakapomwona fundi bomba wa hoteli ajenga nyumba ya mawe kwa mshahara wake, si siku atakapohubiriwa.

Mataifa mengine yatufunze, kwa mazuri yao na makosa yao. Uingereza mwaka 1944 walipanga skuli za sekondari za namna tatu: za vitabu, za ufundi, na za kawaida. Mtoto alitahiniwa akiwa na miaka 11. Skuli za ufundi zilijengwa chache mno, na ile ya kawaida ikawa ya walioshindwa. Mwaka 1965 serikali yao ikataka zote ziunganishwe. Ujerumani mwanagenzi huandikiwa mkataba, hulipwa, hufanya kazi kwa mwajiri siku nyingi za juma, na siku moja au mbili huenda skuli. Huko skuli hasomi ufundi tu. Asoma lugha na mambo ya uraia pia. Sheria yao kubwa ni ya mwaka 1969, na vyama vya wafanya kazi hukaa pamoja na waajiri na serikali kuamua kila ufundi ufundishwe nini. Hilo ndilo zuri lao. Kosa lao ni kuwa katika majimbo mengi mtoto hugawanywa akiwa na miaka kumi tu, na mara nyingi mtoto wa mfanya kazi huenda njia ya baba yake.

Wahenga walisema: mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta. Wengi huitumia methali hii kusema kila mtu na kazi ya ukoo wake. Mimi naisikia vingine. Mvukuto una harakati moja tu, juu na chini. Kusana ni kujua chuma, moto, kipimo na wakati. Mafunzo mengine yaitwayo ufundi ni ya mvukuto: kijana afundishwa kitufe kimoja cha mashine moja ya tajiri mmoja. Mashine ikiondoka, ujuzi umekwenda nayo.

Na huku kwetu mashine huondoka. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Mgodi wa titani wa Base Titanium ulianza kupeleka mchanga wake ng'ambo mwaka 2014, na Desemba 2024 ukafunga kazi. Miaka kumi tu! Mtoto aliyezaliwa siku meli ya kwanza ilipopakia hakumaliza skuli ya msingi kabla ya mgodi kwisha. Fundi aliyejua hesabu, kusoma michoro na kuandika barua alikuwa na pa kwenda. Aliyejua kitufe alirudi nyumbani. Kwa hiyo elimu ya vitabu si pambo la tajiri. Ndiyo akiba ya mfanya kazi siku kazi inapokufa.

Mtazameni Tom Mboya. Kuanzia 1948 hadi 1950 alisomea ukaguzi wa afya Nairobi, nao ni ufundi. Kazi hiyo ndiyo iliyomwingiza katika chama. Mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi, na mwaka 1955 akaenda Ruskin College, Oxford, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya wafanya kazi, akasoma siasa na uchumi. Mwaka 1959 akafanya mpango wa kupeleka vijana 81 Marekani kwa ndege. Alianza na kazi, akaongeza vitabu, na njia haikuwa imefungwa nyuma yake.

Basi chama kidai haya:

1. Kila chuo cha ufundi kifundishe pia hesabu, lugha na sheria za kazi, na anayemaliza aweze kuendelea mpaka chuo kikuu akitaka. Njia isiyo na mlango wa mbele ni jela.

2. Mwanagenzi alipwe. Vijana wanaoletwa mahotelini kwa mafunzo ya miezi michache, wageni wakijaa, hufanya kazi ya mtu mzima bila ya posho. Idadi yao, muda wao na malipo yao yaandikwe katika mapatano, la sivyo wao hawafundishwi na sisi tunapunguzwa.

3. Wenzetu walio kazini wafanyiwe mtihani wa ufundi. Amri ya serikali ya mishahara ya chini humtaja fundi asiye na daraja, kisha Daraja la Tatu, la Pili na la Kwanza, na kila daraja lina kima chake. Yuko fundi umeme au seremala afundishaye wageni wa kazi kila mwaka, naye mwenyewe hana daraja. Mtihani ule ni nyongeza ya mshahara iliyomo ndani ya sheria. Mwanachama na ausimamie.

4. Tuulizie fedha za mafunzo. Waajiri wa kazi nyingi hutoa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi, na hoteli hutozwa ushuru wa utalii wa asilimia 2. Chuo cha Utalii kilisimamishwa Nairobi mwaka 1975 kwa ushuru wa namna hiyo. Fedha zatoka katika vitanda tunavyovitandika. Kila tawi limwulize mwajiri wake: mwaka uliopita ni nani kati yetu aliyefundishwa?

Kwa mzazi wa Mwabungo nasema hivi. Mwanao akipenda nyundo, usimwonee haya. Akipenda kalamu, usimwambie kuwa si ya watu kama sisi. Lakini asichaguliwe na umaskini, wala na alama za mtihani mmoja. Muulize mwalimu, kabla ya kutia sahihi, njia hii yaishia wapi, na kama mtoto akigeuza nia atarudi vipi.

Na kwa wanachama nasema: mkutano ujao tusizungumze mshahara kando na skuli kando. Ni jambo moja.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Mwabungo