Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: Kabla ya mkopo, chumba

Ndugu Mkurugenzi,

Nilikusikia kwenye mkutano wa hadhara ukituhimiza tuchangamkie mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo usio na riba si wa kubezwa. Ila mimi, msindikaji wa siagi ya karanga, naomba kwanza kitu ambacho halmashauri tayari inacho. Naomba chumba.

Ninyi viongozi mnatukuta kwenye mabanda ya Nanenane, chupa zimepangwa, lebo zinang'aa, mnaonja kwa kijiko na kupiga picha. Kazi yenyewe huanzia kwenye gunia. Muuzaji hukufungulia juu, ambako karanga ni nzuri siku zote. Mimi huzamisha mkono hadi kwenye kiwiko nikatoe za chini. Nyumbani namwaga kwenye ungo na kuchambua: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, zote nje. Watu wa kanda hii hatuhitaji kuelezwa sababu. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara. Safari ile yalikuwa mahindi, lakini karanga nazo hushikwa na ukungu uleule, na kukaanga hakuimalizi sumu. Gunia likiwa baya, faida imeishia kwenye ungo kabla jiko halijawashwa.

Kisha kukaanga, kuparura maganda, kupepeta, kusaga mara mbili mpaka mafuta yatoke. Mashine za mtaani husaga chochote kinacholetwa. Aliyenitangulia akiwa na pilipili kavu, siagi yangu siku hiyo haina mnunuzi. Ukifunika chupa ingali ya moto, kifuniko kinatoa jasho na mzigo unaharibika. Ukishamaliza yote hayo, mwenye duka anakwambia acha mali kauli, nikiuza nitakulipa.

Mtu anavumilia haya kwa sababu kuna kitu anakiona. Mimi naona karanga zetu zikiondoka kwa gunia wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, halafu kwenye rafu za maduka nakuta siagi iliyotoka nje ya nchi. Hapo katikati pana ajira za watu. Zingeweza kuwa hapa.

Sasa nije kwenye chumba. Kupata nembo ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS) si mlima kama wengi wanavyodhani: mzalishaji mdogo akipitia shirika la viwanda vidogo, SIDO, huduma hiyo hupewa bure kwa miaka mitatu. Kikwazo ni jengo. Hairuhusiwi kusindika chakula cha kuuza kwenye jiko la nyumbani, panapopikwa ugali na kulala watoto. Sharti hilo ni sahihi kabisa. Nami nisingenunua siagi ya namna hiyo. Lakini kupanga fremu ni kulipa kodi ya miezi sita mkononi, kisha uweke vigae, nyavu madirishani na sinki kwenye nyumba ya mtu ambaye kesho anaweza kukwambia uhame. Mkopo wote unaishia kwenye ukuta wa mwenye nyumba, nawe umebaki na marejesho.

Upande wa nyuma wa soko letu kuna vyumba ambavyo havijapata mpangaji tangu soko lifunguliwe. Viwili tu vinatosha. Tuwekee sisi wasindikaji wadogo maji, vigae, mashine isiyosaga pilipili na kipima unyevu. Tutapangiana zamu na kulipia kila siku tunayotumia. Watu wa afya watukague mahali pamoja badala ya kutufukuzia majumbani.

Najua utauliza nani atapatunza, maana mashine za msaada zilizoota kutu tunazijua sote. Ndiyo maana nasema tulipie. Wala si jambo geni: SIDO, iliyoanzishwa 1973, imekuwa ikipangisha majengo kwa wenye viwanda vidogo miaka yote hii. Tofauti ni kwamba sisi bado hatujafikia kupanga jengo zima.

Wenzangu wanaosindika viungo na unga wa lishe wako tayari tuje ofisini kwako siku utakayopanga. Tunaomba awepo na mtu wa maji, kwa sababu mita ya kule nyuma iling'olewa na hakuna anayetuambia deni lake ni la nani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Msindikaji wa siagi ya karanga